Kusema Kweli, Nyota Mbili

Kwanza nisikilizwe vizuri, maana mwanangu ana tabia ya kunizushia kwamba mimi ni mtu wa zamani na kila kipya kinanikera. Si kweli. Simu ninayo, na ninaitumia kumkumbusha apite dukani. Hela nazo sizichukii hata chembe. Nimeuza mitumba sokoni tangu huyo mwanangu yuko mgongoni, nikamsomesha kwa makoti na sweta mpaka akawa bwana wa bima mwenye kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kwa hiyo mtu asiniambie sielewi biashara. Ni kwa sababu naielewa ndiyo maana lile bango lilinipandisha hasira tangu siku ya kwanza.

Bango lenyewe lilibandikwa jikoni, pembeni ya mlango. Mkwe wangu, mke wa huyo bwana wa bima, alilichora kwa rula na kalamu za rangi baada ya kuangalia mafunzo ya malezi kwenye simu. Upande wa kushoto aliandika kazi: kutandika kitanda, kupiga mswaki bila kukumbushwa, kumaliza kazi za shule, kupiga pasi sare yako mwenyewe. Juu zikakaa siku za wiki. Mtoto akifanya, anabandikiwa nyota ya kung'aa. Jumamosi nyota zinajumlishwa, anapewa pesa zake za matumizi, na bango likijaa kuna zawadi kubwa. Zawadi ilikuwa viatu vya magurudumu, na picha ya viatu hivyo iligundishwa pale juu kabisa, vyekundu, na kamba nyeupe.

Mtoto ni mmoja tu, mjukuu wangu wa kike, yuko darasa la nne. Mimi namwita mke mwenzangu, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake, na tunamgombea babu yake ambaye alifariki kabla yeye hajazaliwa. "Mume wetu angekuwepo angenichagua mimi," huniambia, "maana wewe una meno ya kuazima." Ana mdomo huyo mtoto. Sijui kautoa wapi.

Hayo ya kitanda na mswaki sikuyasemea sana. Nilisonya kidogo, basi. Kilichonichoma ni mstari wa mwisho, alioandika kwa wino mwekundu: Kusema kweli bila kuulizwa, nyota mbili.

"Mbili?" nikamuuliza mkwe.

"Ndiyo, Mama. Tunataka aone kwamba ukweli una thamani kuliko kutandika kitanda."

"Kwa hiyo una thamani ya vitanda viwili."

Mwanangu akacheka mpaka akapaliwa na chai. Mkwe hakucheka. Aliniambia kwa upole, ule upole wa kumwambia mgonjwa anywe dawa, kwamba siku hizi watoto hawalelewi kwa fimbo na makelele, wanalelewa kwa kutiwa moyo. Nani alitaja fimbo? Mimi huyo mume wake sikuwahi kumchapa kwa kusema kweli, na sikuwahi kumlipa pia. Alisema kweli kwa sababu nilikuwa namuuliza nikimtazama machoni, na kwa sababu akisema, nilimwamini. Basi, hakukuwa na bango.

Sasa mke mwenzangu si mjinga. Kitanda mpaka uvute shuka, upige mito, ukunje blanketi, halafu nyota moja. Kukiri kosa ni kufungua mdomo tu, nyota mbili. Mtoto akapiga hesabu zake. Alimwaga juisi kwenye zulia, akakimbia kwa mama yake: "Mama, nimekuja kusema kweli." Mama mtu akamkumbatia, machozi yanamlengalenga, nyota mbili pa! Kesho yake alisahau daftari shuleni, nyota mbili. Makosa ya kawaida yakamwishia, akaanza kuyatengeneza. Mimi nilimwona kwa macho yangu haya akikisukuma kikombe kwa kidole, taratibu, mpaka ukingoni mwa meza, kikaanguka, akageuka kuelekea chumbani kwa mama yake kabla hata vipande havijatulia.

Baadaye hata kutengeneza akaona ni kazi bure. Akawa anakiri tu. Alikiri kwamba kanywa dawa yangu ya kikohozi. Tukaenda kuangalia, chupa imejaa mpaka shingoni. Alikiri kwamba kavunja kioo cha kinyozi wa jirani. Mwanangu akavaa viatu, akaenda kwa kinyozi kichwa chini, mkono tayari mfukoni. Kinyozi akamtolea macho: "Kioo nimekivunja mwenyewe nikihamisha kiti. Unataka kunilipa ya nini?" Mwanangu alirudi anacheka, anashika ukuta, na mkwe naye akacheka. Ikawa ndiyo hadithi ya nyumba. Wageni wakija, wanasimuliwa kioo cha kinyozi.

Mimi sikucheka. Niliwaambia wote wawili, wamekaa kwenye kochi: "Mimi nimeuza sokoni. Wateja wakitaka makoti, natafuta makoti. Nyie mnanunua makosa, na mtoto anawaletea makosa. Siku akiwaletea la kweli mtalijuaje?"

"Mama," mwanangu akasema, "kila mfumo una changamoto zake."

Mfumo! Mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia mfumo, tena ndani ya nyumba ninayopikia. Nikanyanyuka nikaenda zangu kulala mchana.

Hapa lazima nimwingize Dada, maana yeye ndiye aliyekumbwa na yote. Mkwe wangu anaoka keki, za harusi hasa, anaokea hapohapo nyumbani, na Dada ndiye msaidizi wake. Anakuja asubuhi, anaondoka alasiri. Sote tunamwita Dada, hata mimi ambaye ningeweza kumzaa. Ni mtu wa maneno machache, lakini akiamua kukutania utashika mbavu. Ana binti yake, rika moja na mke mwenzangu, ambaye alikuwa anaishi mbali kwa mama yake Dada. Alikuwa anajinyima ili amlete wakae pamoja. Shule ameshampatia nafasi, godoro ameshanunua, na muhula ukifunguliwa tu mtoto anakuja. Huo ndio ulikuwa wimbo wake pale jikoni. Ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu habari za binti yake.

Jiko lenyewe lina ubovu wake. Kuna friji la vioo kama la dukani, la keki tu, na ukutani pale lilipo kuna soketi moja yenye nguvu. Ile mashine kubwa ya kuchanganyia haiendi kwenye soketi nyingine yoyote, inakata umeme wa nyumba nzima. Kwa hiyo wakitaka kutumia mashine, wanachomoa friji kidogo, wanachanganya, wanalirudisha. Wamefanya hivyo tangu biashara ianze. Kila wiki mkwe anasema fundi umeme anakuja, na fundi huyo mimi sijawahi kuiona sura yake.

Sasa ikaja oda ya keki ya ghorofa tatu, krimu tupu na maua ya rangi, ya familia moja yenye uwezo wake. Harusi Jumamosi mchana. Ijumaa kabla Dada hajaondoka keki ilikuwa imekamilika, iko ndani ya friji, na mlango wa vioo umefunikwa kitambaa ili mwanga usichujushe rangi za maua. Mkwe akatangaza kwamba asiyeoka asiguse. Tukala, tukalala. Hakuna aliyefunua kitambaa.

Asubuhi nilizinduliwa na sauti ya mkwe. Haikuwa kelele, ilikuwa kama mtu aliyepigwa tumboni. Nikajifunga kanga nikaenda. Dada ndiye aliyefika wa kwanza na kumwita. Friji lilikuwa limezimwa usiku kucha, na joto lile la jikoni si la kuulizia. Krimu ilikuwa imeteremka yote chini, ghorofa ya juu imelala ubavu, maua yameogelea. Harufu yake imeshaanza kuwa chachu. Na harusi ni mchana.

"Ulichomoa ukawasha mashine, hukurudisha," mkwe akamwambia Dada.

"Si mimi, Mama. Nilirudisha. Nililiacha linanguruma."

"Basi ni nani? Jini?"

 Dada alikuwa anatazama mlangoni. Nikageuka, nikamwona mke mwenzangu amesimama pale pekupeku na gauni lake la kulalia.

"Mama, ni mimi," akasema. "Jana nilichomoa nipige pasi sare. Nikasahau kurudisha."

Nataka mwelewe alivyosema. Siku zote akija kukiri, jicho moja liko kwa mama yake na jingine liko kwenye bango. Siku hiyo hakuliangalia bango kabisa. Alikuwa anaitazama keki. Mtu yeyote mwenye macho angejua.

Mkwe akamgeukia kama umeme. "Leo sitaki! Leo hakuna nyota, umesikia? Toka jikoni!"

"Sitaki nyota, Mama."

"Huo ndio ujanja mpya," mwanangu akasema. Alikuwa ameshafika, shati halijafungwa vifungo. "Mama yako yuko kwenye matatizo, na wewe unatafuta viatu. Juzi ulivunja kioo cha kinyozi, leo umezima friji. Nenda chumbani."

"Lakini Baba, kweli ni mi—"

"Nenda!"

Nikaingilia. Nikasema, "Msikilizeni mtoto."

"Mama, tafadhali," mwanangu akasema. "Si leo."

Si leo! Sasa lini? Damu ilinichemka, lakini simu ya mama wa bibi harusi ilikuwa inaita, mkwe analia, mimi nikasukumwa pembeni kama kiti. Mama wa bibi harusi alifika mwenyewe, na aliyoyasema siwezi kuyarudia, nina mjukuu. Pesa zake alirudishiwa zote na nyingine juu. Alipoondoka, mwanangu akamwita Dada varandani, akamwambia kwa ile sauti ya ofisini kwamba siku zake zote alizofanya kazi atalipwa, lakini kesho asije. Dada hakubishana. Aliingia kuchukua mkoba wake, akapita mbele ya chumba cha mtoto, mlango umefungwa, akasimama kidogo, kisha akaenda.

Hilo halikumtosha mkwe wangu. Yuko kwenye grupu moja la simu la waokaji wote wa mji, wanapeana oda na wasaidizi. Akaandika humo kwamba msaidizi wake kamzimia friji kwa uzembe, keki ya harusi imeharibika, waokaji wenzake wawe makini naye. Akaweka na picha ya Dada, ile waliyopiga pamoja siku ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto, akajikata yeye akamwacha Dada peke yake anacheka. Yaani picha ya mtu anayecheka ndiyo ya kumpaka matope! Nilipoambiwa nilihisi kichwa kinanipasuka. Kumfukuza mtu kazi ni jambo moja. Kumfungia milango yote ya mji, wakati ana mtoto njiani, ni kumnyang'anya sahani mkononi.

Mke mwenzangu alikuja chumbani kwangu jioni ile, akakaa miguuni pa kitanda. Hakunitania.

"Bibi, nikitaka kusema kweli, lakini ile ya kwelikweli, nisemeje ili waamini?"

Mnaona? Mtoto wa darasa la nne anauliza hivyo. Nikamvuta nikamlaza kifuani, na hasira niliyokuwa nayo kwa wazazi wake ilinifanya nishindwe hata kumbembeleza vizuri.

Jumapili jioni mkwe akamwita. "Njoo upige pasi sare yako. Soketi ya sebuleni imeungua tangu Alhamisi, nenda chumbani kwa bibi."

"Nilishapiga, Mama."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa? Nani anapiga pasi ya Jumatatu siku ya Ijumaa?"

"Nilitaka nyota iingie kabla ya Jumamosi. Nilikuwa nimebakiza moja."

Nilikuwa nimekaa hapo nachambua mchele, nikaacha kuchambua. Mkwe akaenda chumbani kwa mtoto, sisi nyuma yake, akaitoa kabatini sketi ya marinda. Kila rinda limesimama kama limechongwa. Akaishika muda mrefu.

"Ulipigia wapi?"

"Jikoni. Juu ya meza. Nilichomoa friji."

Mkwe akakaa kitandani na sketi mapajani. Uso wote ulikuwa umemshuka. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka natamani kurusha kitu. Akasema, "Kwa nini hukusema?"

"Nilisema," mtoto akajibu.

Hapo nikalipuka. Nilisema yote. Nilisema mtoto alisimama pale na miguu mitupu akasema kweli ambayo hajawahi kuisema tangu bango libandikwe, akafukuzwa kama mbwa jikoni, na mtu mzima mwenye mtoto wake akafukuzwa naye. Nilisema mlimfundisha kuuza, siku alipokuja kutoa bure mkadhani ni bidhaa. Mwanangu alikuja akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakutaja mfumo. Alishika kichwa. Kisha, mjue jinsi watu hawa walivyo, akatoa simu akasema, "Ngoja nimtumie Dada chochote."

"Pesa tena!" nikamwambia. "Mpigie umwombe radhi."

Akapiga. Simu ya Dada ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikawa hivyo hivyo. Mkwe hakupiga hata mara moja.

Jumatatu mtoto alipotoka shule nilimngoja getini, tukaenda kwa Dada wawili sisi. Anakaa kwenye nyumba ya vyumba vingi vyenye ua mmoja, watu wanapeana zamu bombani. Tulimkuta anafua. Alipotuona akajifuta mikono, akatuletea kigoda kimoja na ndoo iliyogeuzwa, mimi nikakaa kigodani. Kupitia mlango wa chumba nililiona godoro dogo, jipya, bado liko kwenye nailoni yake, limeegemezwa ukutani. Nikaondoa macho.

Mtoto hakungoja nimsukume. "Dada, ni mimi niliyezima friji. Nisamehe."

"Najua," Dada akasema.

"Unajua?" nikauliza mimi.

"Nilipoingia asubuhi niliikuta pasi juu ya meza, swichi imezimwa, waya wake bado uko kwenye ile soketi. Nikaitoa, nikairudisha kabatini kabla sijamwita Mama."

Nikamtazama huyu mwanamke nisimwelewe. "Sasa kwa nini hukuwaonyesha? Wakati wanakusakama, kwa nini hukutamka pasi?"

"Bibi, ningesema mimi, ningekuwa mfanyakazi anayemsingizia mtoto wa bosi. Nikasema nimwache aseme mwenyewe, ni mtoto mzuri, atasema." Akamshika mtoto kidevu. "Na ulisema. Nilikusikia. Mimi nilikuamini."

Mke mwenzangu akaangua kilio pale uani, watu wa bombani wakageuka. Dada akamkumbatia na mikono yake yenye povu. Mimi mwenyewe nikajitia kurekebisha kanga.

Alipotulia nikamwuliza Dada hali ya kazi. Akaniambia kulikuwa na waokaji wawili waliokuwa wakimwita siku zake za mapumziko, na wote wamemwambia wasimwone tena. Wengine aliowajaribu hawajibu. Mama yake kamwuliza mtoto aje lini, na yeye kamwambia asubiri kwanza.

"Rudi nyumbani," nikasema. "Nitawafanya wakuombe kwa magoti."

"Sirudi, Bibi. Sina kinyongo, ila sirudi. Nikirudi, kila kikombe kitakachovunjika nitakuwa naangaliwa mimi." Akafikiri kidogo. "Nataka kitu kimoja tu. Mama aandike kwenye grupu palepale alipoandika, aseme haikuwa mimi. Basi. Akiandika hivyo kazi nitapata mwenyewe."

Nikaona ni jambo dogo mno. Njiani nilikuwa natembea mwepesi, nimeshaona limekwisha.

Tulimkuta mkwe sebuleni na mume wake. Bango lilikuwa limeshatolewa jikoni, limekunjwa limewekwa juu ya kabati, kama vile tatizo lilikuwa karatasi. Nikawapa ujumbe wote, na habari ya pasi, na godoro lile. Mkwe alilia. Alilia kweli, sisemi aliigiza. Akasema amemkosea sana Dada, atamwandalia kitu, atamtafutia nguo za shule za binti yake, atamlipa mshahara wa miezi kadhaa.

"Hajaomba nguo," nikasema. "Kaomba uandike."

Mkwe akajifuta macho.

"Nitamwandikia mwenyewe," mkwe akasema. "Ujumbe mrefu. Kutoka moyoni."

"Yeye anajua kwamba si yeye, mwanangu. Wa kuambiwa ni hao wengine."

"Mama, hulijui lile grupu." Akawa anapitisha kidole kwenye kioo cha simu bila kusoma chochote. "Nusu ya oda zangu zinatoka mle. Nikiandika kwamba friji langu lilizimwa na mtoto wangu, kwamba jiko langu lina soketi moja, kwamba nilimsingizia mtu, nani atanipa tena keki ya harusi? Watanicheka mwaka mzima. Tuliache kidogo lipoe. Watu wanasahau."

Nikamwangalia mwanangu. Mwanangu akaangalia zulia. Halafu akasema, "Ana hoja, Mama. Biashara ni jina."

Jamani! Biashara ni jina, na jina la Dada je? Lile si jina? Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuwaambia maneno ambayo yasingesameheka, na sijutii kwamba nilitaka kuyasema. Ila mke mwenzangu alinitangulia. Alikuwa amesimama kati ya meza na kochi, begi la shule bado liko mgongoni, na anamtazama mama yake kwa makini, vile anavyolitazama swali gumu la hesabu.

"Mama," akasema, "nikikupa nyota zangu zote, utasema kweli?"

Hakuwa anadhihaki. Msidhani alikuwa na ule mdomo wake. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayejua gharama na yuko tayari kuilipa. "Na viatu pia sitaki tena," akaongeza. "Zote uchukue wewe."

 Mwanangu alifunika uso kwa viganja. Mkwe alimtazama mtoto wake, kisha akaichukua simu na kuanza kuandika, vidole vinakosea, anafuta, anaandika tena. Aliandika kila kitu: pasi, soketi, mtoto aliyekiri akafukuzwa, Dada aliyesingiziwa. Akatusomea kwa sauti kabla hajatuma, na aliposoma sehemu ya mtoto sauti ikakatika, mwanangu akammalizia.

Dada alipigiwa na mwokaji mwingine kesho yake asubuhi. Binti yake amekuja, wako darasa moja na mke mwenzangu. Mkwe wangu alichekwa kama alivyoogopa, na oda mbili zilimpita, na bado anaoka. Wote sasa wanalisimulia jambo hili kama lililokwisha vizuri. Majuzi mwanangu alilisimulia mbele ya wageni, akafika kwenye swali la mtoto, wageni wakasema loo, mtoto ana akili huyo, akawa anatabasamu kwa fahari.

Mimi nilinyanyuka nikaenda jikoni. Akili gani? Mjukuu wangu alimtazama mama yake mzazi, akaamini kabisa kwamba hawezi kusema kweli mpaka alipwe.